Magome Juu ya Maji

Kiyono alikuwa mtu wa kushuku tangu zamani, na hakuona haya kulisema. Mbolea ikiletwa aliipima upya, na daktari wa mifugo akija alimsimamia kichwani mpaka sindano ya mwisho. Marehemu mumewe, Tetsurō, alikuwa akimtania kwamba hata ndama akizaliwa kabla ya siku zake atamuuliza alikuwa na haraka gani. Kwa hiyo asubuhi ile ya tarehe kumi na nane Agosti, siku mbili baada ya kuwasindikiza wafu wa Bon, sikukuu ambayo roho za marehemu hurudi nyumbani kwa siku chache, alipofungua ghala la barafu akaona vipande vya magome ya miti vikielea juu ya maji, hakushangaa hata kidogo. Alisema kwa sauti, peke yake mle ndani, "Leo nimekupata."

Ghala lilikuwa la Tetsurō, wazo lake na mikono yake. Alilijenga miaka kumi na minane iliyopita nyuma ya zizi, matangi manane ya maji chini ya paa nene, na matundu ya hewa kwenye ukuta wa magharibi. Majira ya baridi aliyaacha matundu wazi, upepo ukaingia, maji yakaganda. Mwezi wa tatu aliyafunga. Kuanzia Mei maji ya barafu hiyo yalipita kwenye mabomba na kuyapoza maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, kabla hayajafika kwenye tangi kubwa. Bonde zima la Penkenai lilimcheka. Lakini barafu yake ilifika mwisho wa Septemba kila mwaka, na mtambo wa umeme wa kupozea alionunua ulikuwa mdogo tu, wa kumalizia kazi ambayo barafu ilikuwa imeshaianza.

Tetsurō alifariki Januari, katikati ya theluji. Na mwaka huo huo, kabla Julai haijaisha, barafu ikawa inakwisha. Kiyono alichovya ule mti wa mumewe wa kupimia barafu, wenye alama za kisu, akauchovya tena tangi lingine, na kila mahali mti ulizama kwenye maji matupu. Maziwa yalipanda mpaka nyuzi nane. Ushirika ukampa onyo, na wiki iliyofuata onyo la pili. La tatu lingesimamisha lori la kuchukua maziwa. Ng'ombe hawajui habari za lori, wangeendelea kutoa maziwa asubuhi na jioni, wote thelathini na wanne, na yeye angekuwa hana pa kuyapeleka ila shimo la samadi, mpaka achoke na kuwauza. Aliapa mbele ya picha ya Tetsurō kwamba hatawauza.

Ajabu ni kwamba baada ya onyo la pili maziwa yalirudi nyuzi nne, yakatulia hapo. Kiyono hakuliuliza jambo hilo. Watu wa aina yake huuliza mabaya yametoka wapi, mazuri wanayapokea kama haki yao.

Sasa haya magome. Bonde zima lilikuwa na mtu mmoja tu mwenye magome, Tokuji Onuma, jirani wa upande wa mto. Huyo ndiye aliyemcheka Tetsurō kuliko wote. Alicheka miaka mitatu, wa nne akarundika theluji yake mwenyewe nyuma ya ghala lake, akaifunika kwa magome yaliyosagwa, na mpaka leo ndiyo inayompozea figili zake nyeupe wakati wa kiangazi. Na huyo huyo Tokuji, siku ya arobaini na tisa ya msiba ilipokwisha tu, alikuja akakaa kwenye kizingiti, akasugua magoti, akauliza kama shemeji angependa kumkodisha malisho ya chini. Kiyono hakulisahau lile swali. Alilihifadhi vizuri kabisa.

Nje ya mlango kulikuwa na alama ya gurudumu moja la toroli kwenye tope, inakuja na inarudi, mmoja mfereji wa kina na mwingine mwepesi. Kiyono aliinama akaitazama. Toroli lilikuja tupu, likaondoka limejaa barafu yake: hivyo ndivyo alivyoisoma. Kama angezitazama na nyayo za buti angeona mambo mengine, lakini alikuwa ameshasimama.

Saa tatu lori la maziwa liliingia. Dereva, Sakuma, alikuwa kijana wa miaka hamsini, kwa maana kwamba katika bonde lile wa miaka hamsini bado ni kijana. Alitumbukiza kipimajoto, akanusa, akaonja.

"Nne na nusu. Safi, Mama Kiyono. Umewafanyia nini hawa ng'ombe, unawalaza kwenye jokofu?"

"Sakuma, umewahi kuona mtu akiiba baridi?"

"Kuiba nini?"

"Baridi. Barafu. Anachota kidogo kidogo, kila siku, mpaka mwenyewe anaanguka."

Sakuma alikuna shingo. "Nimeona watu wakiiba dizeli. Baridi, hapa kwetu, nani aibe? Mwezi wa pili tunaigawa bure."

"Agosti haigawiwi," alisema Kiyono, na akaacha hapo. Sakuma alikuwa na mdomo, alijulikana.

Mchana alimwandalia chakula mama mkwe wake, Bibi Fusa, mwenye miaka themanini na minane, macho yamefifia lakini ulimi upo kazini. Siku zote alikaa dirishani kwenye chumba cha nyuma, kinachotazama uani na mlango wa ghala la barafu.

"Kiyono, jana alikuja tena," alisema Bibi Fusa akitafuta mbaazi kwa vijiti. "Saa ile unayolala. Jua lilikuwa linachoma. Mwambie awe anapumzika."

"Nani, Mama?"

"Yule bwana. Mwenye taulo kichwani."

Kiyono aliweka bakuli chini taratibu. Tetsurō alikuwa akifunga taulo kichwani. Siku za Bon zilikuwa zimepita juzi tu, na mama aliyempoteza mwanawe ana ruhusa ya kumuona akichelewa kuondoka. Roho ilimuuma. "Nitamwambia, Mama," alijibu, na kabla ya kwenda kulala aliongeza kikombe cha pili cha chai ya shayiri mbele ya picha ya marehemu.

Alilala, kama walivyolala wafugaji wote wa bonde lile baada ya chakula cha mchana, kwa sababu mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua hana ujanja. Isitoshe, kwa akili yake mwizi ni wa usiku, na tangu barafu ianze kukwisha alikuwa akitega sikio usiku kumvizia. Ndiyo maana usingizi wa mchana ulimwangusha kama gunia.

Alasiri alichukua mahindi sita ya kuchemsha, akayafunga kwenye kitambaa, akaenda kwa Tokuji. Mahindi yalikuwa kisingizio. Alitaka kutazama.

Alichokiona kilimtosha. Lile lundo la theluji la Tokuji, ambalo mwezi wa saba lilikuwa kubwa kuliko trekta, sasa lilimfika mtu kiunoni. Magome yalikuwa yamebonyea. Na ndani ya ghala figili zilikuwa zimelala kwenye kreti, zimenyauka, nyingine zimetupwa nje. Kiyono alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi sana. Aliona kila kitu kimekaa mahali pake: theluji ya bwana mkubwa imeyeyuka, figili zinaoza, sasa anakimbilia ya mjane.

"Shemeji!" Tokuji alitokea akifuta mikono. Alikuwa na miaka sitini na saba, mrefu, amepinda kidogo kama mpini uliozeeka. "Karibu. Mahindi hayo?"

"Mahindi. Naona figili zako zimechoka, bwana Tokuji."

Aliponyimwa jina lake tupu na kuitwa bwana, Tokuji alitazama chini. "Joto la mwaka huu..."

"Joto lipo kwa kila mtu. Na theluji yako imekonda. Inakwenda wapi?"

"Inayeyuka tu."

"Ya kwangu pia inayeyuka. Tena haraka. Unaweza kudhani ina miguu."

Tokuji alifuta mikono tena. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alipokea mahindi kwa mikono miwili, akayatazama kana kwamba hajawahi kuona mahindi. "Maziwa lakini... yanaendelea vizuri?" aliuliza.

"Yanaendelea. Nani aliyekuambia hayaendelei?"

"Sakuma alisema. Mwezi uliopita. Kuhusu maonyo."

"Basi Sakuma amwambie pia anayesubiri malisho yangu ya chini kwamba asubiri amekaa, asije akaumwa miguu."

Aliondoka bila kuaga. Njiani alikanyaga kwa hasira, na pia kwa raha, maana mtu asiye na hatia hawi mwekundu masikio. Jioni hiyo, baada ya kukamua, alitia kufuli jipya kwenye mlango wa ghala la barafu, akauvuta mara tatu kuhakikisha.

Siku iliyofuata alikuta rundo dogo la magome mabichi, yaliyolowa, chini ya mlango uliofungwa. Kulikuwa na maji yaliyotiririka mpaka kwenye majani. Kiyono aliona ni dharau. Kazuiwa, sasa ananimwagia uchafu mlangoni! Aliyafagia. Kesho yake yalikuwa pale tena, na yeye akafagia tena kwa nguvu zaidi, akiongea na ufagio.

Joto lilifika nyuzi thelathini na mbili. Tarehe ishirini Sakuma alipima mara mbili. "Sita na nusu. Nayachukua, lakini Mama Kiyono, angalia."

"Ni alichokwisha kuiba," alisema Kiyono. "Ndicho kinachoniua sasa. Lakini nimeshamziba."

"Nani?"

"Utamjua."

Alipoingia ghalani kuchovya mti, haukukuta kitu kigumu hata kwenye tangi la nane. Maji tu, na vuguvugu lilikuwa linaanza. Mtambo mdogo wa umeme ulinguruma usiku na mchana bila kupumua. Tarehe ishirini na mbili, mshale wa tangi ulisimama kwenye tisa, na Kiyono alikuwa ameshauona saa mbili kabla ya lori kufika. Alisimama mbele yake kama anayeweza kuusukuma kwa macho.

Sakuma alipima. Akapima tena. Alivua kofia, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Siwezi."

"Sakuma. Zimezidi nyuzi mbili tu."

"Mama Kiyono, nikiyachanganya na ya watu kumi na mmoja na yakaharibika, wote tunamwaga. Hili ni la tatu. Lazima niandike. Mkaguzi atakuja baada ya siku sita, na mpaka hapo lori haliingii." Alisita. "Utakuwa na baridi siku hiyo?"

Lori liliondoka likiwa jepesi. Kiyono alifungua bomba mwenyewe, maziwa ya siku mbili yakaenda kwenye shimo la samadi, meupe, kisha ya kahawia, kisha hayakuonekana. Alilia. Hakulia namna ile kwenye mazishi, maana kwenye mazishi kulikuwa na watu.

Alipoingia ndani kuandaa chakula, macho mekundu, Bibi Fusa alikuwa dirishani.

"Mmegombana?" aliuliza kikongwe.

"Na nani, Mama?"

"Na yule bwana. Siku tatu hizi anafika mlangoni, anasimama, anagusa kile chuma ulichoning'iniza. Halafu anamwaga pale pale, anarudi. Jana nilimwonea huruma, alikaa chini kabisa."

Kijiko kilisimama mkononi mwa Kiyono. Marehemu hawasimamishwi na kufuli. "Anamwaga nini?"

"Nitajuaje, kwa macho haya? Kitu cheupe. Toroli likija limejaa jeupe, likirudi tupu. Tangu mwanzo wa mwezi, kila mchana. Si nilikuambia mwambie apumzike? Ukasema utamwambia."

Kiyono hakula. Alitoka akiwa na ndara za jikoni, akazunguka ghala, akaenda mpaka mlangoni na kuchutama kwenye ile alama ya gurudumu. Mfereji wa kina, na nyayo za buti ndani yake. Ncha za buti zilielekea mlangoni.

Alimkuta Tokuji nyuma ya ghala lake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya lundo lililobaki, koleo magotini. Lundo halikumfika mtu hata gotini. Tokuji aliona ndara, akaona uso, akasimama.

"Lori limekukataa," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, shemeji?"

"Kwamba unaniletea theluji yako! Kwamba figili zako zinaoza kwa ajili ya maziwa yangu! Mimi nilikuja hapa, nikaziona zimenyauka, nikafurahi. Unasikia? Nilifurahi!"

Tokuji alichoma koleo kwenye magome, akaliacha. "Barafu yako niliiua mimi," alisema. "Januari."

Akaeleza kwa shida, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Wakati wa msiba theluji ilianguka bila kukoma. Kila asubuhi, kwa siku arobaini na tisa, alikuja na trekta kuusafisha ua wa Kiyono ili lori lipite na wafiwa wasihangaike. Theluji aliisukuma kwenye ukuta wa magharibi wa ghala, kama kila mtu wa Penkenai anavyoisukuma kwenye ukuta wa magharibi wa zizi lake, ili kuukinga upepo. Alidhani anaipa joto nyumba ya msiba. Hakukumbuka kwamba ukuta ule, peke yake katika bonde zima, ulijengwa ili upepo uingie.

"Niliziba matundu yote," alisema. "Maji yaliganda juu tu. Julai Sakuma aliponiambia kuhusu maonyo, nilikuwa nakula. Chakula kilinikwama. Nilikuja umelala, nikachovya mti, nikajua."

Kiyono alikumbuka mwezi wa pili. Alifungua mfuniko, akaona barafu nyeupe hadi ukingoni, akaigonga kwa mti, ikalia vizuri, akarudi ndani. Tetsurō kila mwaka aliitoboa apime unene. Yeye, aliyempima kila mtu, aligonga tu.

"Mimi nilidhani ni chama cha majirani," alisema polepole. "Wanasafisha ua kwa zamu. Nilipeleka boksi moja la chai kwa mwenyekiti, nikamaliza shukrani."

"Najua. Alinigawia kikombe."

"Na malisho ya chini?"

"Nilitaka kukupunguzia kukata majani. Peke yako, na umri huo."

"Umri gani?" Kiyono aliuliza, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Una miaka minne zaidi yangu."

"Ndiyo. Najua inavyouma."

Alirudi kwake, akafungua kufuli, na kwa kuwa hakujua la kulifanyia akalitumbukiza kwenye shimo la samadi, lifuate maziwa.

Kesho yake mchana hakulala. Alikaa mlangoni pa ghala lililo wazi na birika la chai ya shayiri. Tokuji alitokea na toroli, taulo kichwani, akamuona, akasita katikati ya ua.

"Leta," alisema Kiyono. "Nishike mpini mmoja?"

"Toroli lina mipini miwili kwa mtu mmoja."

"Basi nitashika koleo. Na mwaka huu theluji isukume mashariki."

"Nitasukuma mashariki."

Siku sita walibeba, hata safari mbili kwa mchana. Asubuhi na jioni maziwa yalipozwa mpaka nyuzi nne, yakakaa tangini, kisha yakamwagwa shimoni, maana hakukuwa na wa kuyachukua. Ilikuwa kazi ya kichaa, kuyapoza maziwa ya kutupa, na Kiyono aliifanya bila kuruka hata mkamuo mmoja. Siku ya tano kwenye toroli kulikuwa na magome zaidi kuliko theluji. Siku ya sita Tokuji alikwangua ardhi.

Mkaguzi alisoma nne. Alisoma tena, akatia muhuri. Sakuma aliingia na lori akipiga honi kama mtu anayeleta bibi harusi, na kutoka dirishani Bibi Fusa alitaka kujua ni nani huyo mwenye kelele.

Alasiri hiyo Kiyono aliandika jina la Tetsurō kwenye karatasi nyeupe kwa brashi, polepole, kama inavyoandikwa kwenye shukrani za msiba. Akalifunga boksi la chai kwa karatasi hiyo, akalipeleka upande wa mto. Tokuji alilipokea kwa mikono miwili, akasoma jina.

"Miezi saba," alisema. "Wenzangu walishaimaliza yao."

"Walipata kikombe kimoja kimoja. Hili ni lako peke yako."

Nyuma yake, pale lilipokuwa lundo, palibaki duara la ardhi nyeusi iliyolowa, na kando yake kreti tupu za figili, zimepangwa. Kiyono alizihesabu, akashindwa kuendelea. Alichukua koleo lililoegemea ukuta, akaanza kuyakusanya magome.

"Acha, shemeji. Nitafanya kesho."

"Yatahitajika," alisema Kiyono, na hakuinua kichwa. "Mwaka huu tunarundika malundo mawili."